Maswali ya Wasomaji: Udaktari wa Historia na Kazi ya Kufundisha Chuoni

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi hatua za kusomea shahada ya uzamivu (udaktari, au PhD) ya historia nchini Marekani. Barua zilizofuata, karibu zote, ziliulizia jambo ambalo tulilipita haraka mno: je, masomo hayo humwandaa mtu kusimama mbele ya darasa la chuo, au humwandaa kufanya utafiti tu? Tumechagua barua nne, tukazifupisha, na kwa ombi la waandishi wake hatutaji majina.

Mwalimu, shikamoo. Nina shahada ya uzamili ya historia na nimefundisha sekondari kwa muda. Ninachokipenda ni darasa; kuwaandikia wataalamu wachache vitabu hakujawahi kunivutia. Nimesikia kwamba Marekani iliwahi kuwa na shahada ya udaktari iitwayo D.A., iliyokusudiwa walimu wa vyuo. Je, ipo bado? Na kama ipo, nifuate hiyo au PhD?

Marahaba. Ulichosikia ni kweli, na habari za shahada hiyo nitazieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna jibu la sehemu ya pili ya swali lako.

PhD za kwanza za Marekani zilitolewa na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1861, lakini sura tunayoijua leo ilitokana zaidi na Johns Hopkins, chuo kilichofunguliwa mwaka 1876 kwa kufuata mfano wa vyuo vikuu vya Ujerumani. Huko semina ya historia iliwakutanisha wanafunzi wachache na profesa wao kwenye meza moja, wakisoma nyaraka za asili, wakikosoana, na kila mmoja akitarajiwa kuhitimu kwa tasnifu yenye maarifa mapya. Kufundisha hakukuwa sehemu ya mpango huo. Ilichukuliwa kwamba anayeijua historia kwa kina ataweza pia kuifundisha, na ingawa walikuwapo waliolalamika tangu mapema, dhana hiyo iliendelea kutawala vizazi kwa vizazi.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoitikisa. Vijana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walifika vyuoni kwa wingi usio na mfano, vyuo vya jamii vya miaka miwili vikafunguliwa kwa mamia, na ikaonekana kwamba walimu hawangetosha. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kilianzisha udaktari mpya, D.A., yaani Doctor of Arts, na historia ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Mwaka 1970 shirika la Carnegie Corporation la New York lilitoa fedha za kuvisaidia vyuo vingine kuandaa programu za aina hiyo, na katika miaka iliyofuata D.A. ya historia ilitolewa pia katika vyuo kama Illinois State, Middle Tennessee State na Chuo Kikuu cha North Dakota.

Mwanafunzi wa D.A. alisoma historia kwa upana kuliko mwenzake wa PhD, kwa sababu mwalimu wa chuo kidogo hufundisha karne nyingi na mabara zaidi ya moja. Alisomea namna watu wazima wanavyojifunza na namna kozi inavyoundwa na kupimwa. Alifundisha chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu. Na tasnifu yake ingeweza kuhusu kozi aliyoitunga mwenyewe, akaijaribu darasani na kueleza kwa ushahidi kilichofaa na kilichoshindikana. Ninaamini hadi leo kwamba wazo hilo lilikuwa sahihi, na kwamba taaluma yetu ilipoteza kitu cha thamani ilipoliachia lififie.

Lilififia kwa sababu lilikuja wakati mbaya. Shahada iliyobuniwa ili kuziba upungufu wa walimu ilianza kutoa wahitimu katika miaka ileile ambayo upungufu uligeuka kuwa ziada. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 nafasi za kufundisha historia vyuoni zilipungua sana huku wenye PhD wakizidi kuhitimu, na kamati ya ajira iliyopokea rundo la maombi kwa nafasi moja ilielekea kumchukua mwenye shahada ambayo wajumbe wenyewe walikuwa nayo. Mwenye D.A. alilazimika kwanza kueleza shahada yake ni ya nini kabla ya kueleza anaweza kufanya nini. Programu nyingi zikafungwa au zikageuzwa kuwa PhD. Leo D.A. husikika zaidi katika fani ya muziki. Katika historia imekuwa adimu mno.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fuata PhD, lakini usiichague idara kwa jina la chuo. Waandikie wanafunzi walioko mwaka wa nne au wa tano, nao ndio watakaokueleza ukweli, uwaulize kama idara ina kozi ya lazima kuhusu kufundisha historia katika ngazi ya chuo, na inafundishwa na nani: mwanahistoria anayeheshimiwa idarani, au ofisi ya jumla inayozungumza na wanafunzi wa fani zote kwa pamoja. Uliza kama mwanafunzi hupewa nafasi ya kuwa mwalimu pekee wa kozi nzima kabla ya kuhitimu, au hubaki kusahihisha insha za kozi ya mwingine hadi mwisho. Uliza kama kuna mtu anayekuja kukaa nyuma ya darasa, akatazama, kisha akakaa na mwanafunzi kuzungumza juu ya alichokiona. Swali hili ni zito kuliko mengine yote. Uliza pia kama chuo kina ushirikiano na vyuo vidogo vya jirani. Tangu 1993 kumekuwa na mpango uitwao Preparing Future Faculty, ulioanzishwa na Council of Graduate Schools pamoja na Association of American Colleges and Universities, ambao huwapeleka wanafunzi wa udaktari katika vyuo vya aina tofauti wakaone maisha halisi ya mwalimu, kuanzia vikao vya idara hadi saa za kuonana na wanafunzi. Ukipata idara yenye majibu mazuri kwa maswali hayo, utakuwa umeipata D.A. ndani ya PhD.

Ndugu Mhariri, nataka kufundisha historia katika chuo cha jamii nchini Marekani. Wengine wananiambia udaktari ni lazima, wengine wanasema nitapoteza miaka yangu bure. Yupi ni mkweli?

Dada yangu, kwa nafasi nyingi za chuo cha jamii, sharti la chini ni shahada ya uzamili ya historia, au uzamili wa fani nyingine wenye angalau vipimo (krediti) 18 vya masomo ya historia katika ngazi ya uzamili. Kigezo hicho cha 18 kimo, kwa mfano, katika miongozo ya SACSCOC, chombo cha ithibati kinachosimamia hasa vyuo vya majimbo ya kusini. Udaktari si lazima kisheria. Hata hivyo, nafasi za kudumu zinapogombewa, utakuta waombaji wengi wanao, na katika vyuo kadhaa humpandisha mwalimu ngazi ya mshahara.

Ushauri wangu ni huu: kama tayari una uzamili, tafuta kwanza kozi moja ya kufundisha kwa mkataba wa muhula. Darasa la chuo cha jamii lina mfanyakazi wa zamu ya usiku, mama anayerudi masomoni na kijana wa miaka 17 wakiwa wamekaa safu moja, na baada ya muhula mmoja utajua kama hiyo ndiyo kazi yako. Ukishajua, udaktari utaufuata kwa sababu unayoweza kuieleza.

Mwalimu, niko mwaka wa pili wa PhD. Kila wiki ninaongoza vikundi vya majadiliano katika kozi ya historia ya Marekani hadi 1877. Hakuna aliyenifundisha namna ya kufanya hivyo. Nikiuliza swali, wanafunzi wananyamaza, nami naujaza ukimya kwa maelezo hadi saa inakwisha. Msimamizi wangu ananiambia nisiutumie muda mwingi huko, kwa kuwa mitihani mikuu ya kabla ya tasnifu inakaribia. Nifanyeje?

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa hali unayoieleza ndiyo wanayoipitia wengi wanaosomea udaktari wa historia, na ni wachache wanaothubutu kuiandika.

Tuanze na ukimya. Mara nyingi wanafunzi hunyamaza kwa sababu swali waliloulizwa lina jibu moja, mwalimu analijua, na wao wanaona hakuna faida ya kubahatisha. Mwaka 1991 mtafiti Sam Wineburg alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila anayejiandaa kufundisha historia angefaa kulijua. Aliwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari nyaraka kuhusu mapigano ya Lexington, Massachusetts, ya 19 Aprili 1775, yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza, akawataka waseme kwa sauti kila walichofikiri walipokuwa wakisoma. Wanafunzi walikuwa hodari na walijua mambo mengi, lakini walizisoma nyaraka kama mkusanyo wa taarifa, na walielekea kukiamini kitabu cha kiada. Wanahistoria, hata wale ambao Marekani haikuwa eneo lao la utaalamu, walitazama kwanza aliyeandika, lini na kwa ajili ya nani. Kisha wakaulinganisha waraka mmoja na mwingine. Na kitabu cha kiada walikitilia shaka. Tofauti haikuwa wingi wa mambo waliyoyakariri, ilikuwa namna ya kuhoji. Na namna hiyo ya kuhoji ndiyo ambayo udaktari wako unakujengea kila siku maktabani, bila mtu yeyote kukuonyesha jinsi ya kuipeleka darasani.

Kwa kuwa kozi yako inafika hapohapo Lexington, nikueleze jinsi ambavyo ningeiendesha saa moja. Ningechukua nyaraka mbili fupi tu. Ya kwanza ni kiapo cha pamoja cha wanamgambo 34 wa Lexington, kilichotolewa mbele ya mahakimu tarehe 25 Aprili 1775, kinachosema kwamba askari wa mfalme waliwafyatulia risasi walipokuwa wamegeuka wakitawanyika, na kwamba, kwa kadiri wajuavyo, hakuna mwenzao aliyefyatua kabla ya hapo. Ya pili ni shajara ya luteni wa jeshi la Uingereza, John Barker, anayeandika kwamba wanamgambo walifyatua risasi moja au mbili, ndipo askari wake, bila kuamriwa, wakawavamia na kuwafyatulia hadi wakakimbia.

Nisingeuliza nani alianza. Swali hilo linagawa darasa katika pande mbili na kulinyamazisha baada ya dakika tano. Ningewataka kwanza waandike kimya, kila mtu kwenye karatasi yake, sentensi mbili: mwandishi wa waraka huu alitaka nani asadiki nini? Kimya cha namna hiyo hakikutishi, kwa sababu wote wana kazi mkononi. Kisha wazungumze wawili wawili, na hapo ndipo wale wasiopenda kusema mbele ya watu hupata ujasiri. Wakirudi pamoja, ningeuliza ni mambo gani nyaraka hizi zinakubaliana, maana zinakubaliana katika mengi kuliko inavyodhaniwa. Mtu atagundua kwamba Barker, akiandika katika shajara yake, anakiri jambo linaloliaibisha jeshi lake mwenyewe, yaani kwamba askari walitenda bila amri, na atauliza kwa nini tusimwamini zaidi kwa sababu hiyo. Mwingine atauliza inakuwaje watu 34 wakumbuke tukio la vurugu kwa maneno yaleyale. Hapo, na si kabla, ningewaambia kwamba viapo vile vilikusanywa kwa agizo la bunge la muda la Massachusetts na kupelekwa haraka kwa meli hadi London, vikafika kabla ya ripoti rasmi ya Jenerali Gage, kamanda wa majeshi ya Uingereza huko Amerika. Kisha ningewataka warudi kwenye zile sentensi mbili na kuzirekebisha. Karatasi hizo ningezikusanya. Zitakuonyesha kwa dakika kumi za kusoma ni nani anaanza kufikiri kama mwanahistoria na ni nani bado anatafuta jibu la mtihani.

Maandalizi ya somo hilo hayachukui usiku mzima. Yanahitaji kurasa mbili na maswali matatu yaliyopangwa vizuri, na hapo ndipo ninapotofautiana na msimamizi wako kwa heshima zote. Hofu yake ina msingi: wako wanafunzi waliozama katika kufundisha hadi tasnifu ikakauka, na muda ni lazima uwekewe mpaka. Lakini mwalimu anayehubiri saa nzima ndiye anayetumia muda mwingi zaidi, kwa sababu hulazimika kuandaa hotuba mpya kila wiki.

Sasa kuhusu mitihani mikuu. Ukiitazama vizuri, mitihani hiyo ndiyo sehemu ya PhD iliyo karibu zaidi na kazi ya kufundisha, ingawa hakuna anayeitangaza hivyo. Unasoma vitabu mia moja au zaidi katika uwanja mmoja, unajifunza ni mijadala gani iliyoujenga, nani alimpinga nani na kwa ushahidi gani. Kila mada ya orodha yako ni wiki moja ya kozi ambayo siku moja utaitunga. Kwa hiyo, unapomaliza sehemu ya orodha, usiishie kuandika muhtasari wa vitabu. Andika pia ukurasa mmoja ukieleza jinsi ambavyo ungeifundisha mada hiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waraka upi ungewapa, na kipi ungekiacha. Muulize msimamizi kama mojawapo ya nyanja zako inaweza kutahiniwa kwa muhtasari wa kozi pamoja na insha ya kuutetea, kwani ziko idara zinazoruhusu jambo hilo.

Kuacha ndiko kugumu. Kozi yako ina takriban wiki 15, na hakuna binadamu anayeweza kuvipitia vizazi vyote tangu jamii za Wenyeji wa Amerika hadi 1877 katika wiki hizo bila kugeuza historia kuwa orodha. Mwaka 2006 Lendol Calder alitoa hoja katika Journal of American History kwamba kozi ya utangulizi ijengwe juu ya matatizo machache ya kihistoria yanayochimbwa kwa kina, ili mwanafunzi aone jinsi maarifa yanavyopatikana, badala ya kujaribu kugusa kila kitu. Wapo wenzangu wanaoona kwamba njia hiyo inawaacha wanafunzi bila mfululizo wa matukio, na hoja yao haipuuzwi. Mimi mwenyewe ningehakikisha kwamba darasa lina mstari wa nyakati unaorejewa kila wiki. Lakini nikilazimika kuchagua, nitachagua mwanafunzi aliyechimba mada sita na anayejua kuuhoji waraka, kuliko aliyepitishwa katika mada arobaini na hawezi kuuhoji hata mmoja.

Mwisho, mwombe mtu mmoja unayemwamini aje kukutazama darasani, hata kama ni mwanafunzi mwenzako, nawe ukamtazame yeye. Usimwombe akuambie kama ulikuwa mzuri. Mwombe aandike tu nani alizungumza, kwa muda gani, na baada ya swali lipi.

Mhariri mpendwa, nimevuka miaka arobaini na nina familia. Je, ni busara kuanza PhD ya historia Marekani nikiwa na lengo la kufundisha chuoni? Itachukua muda gani, nani atalipa, na kazi zipo?

Umeuliza kwa uwazi, nami nitakujibu hivyohivyo. Hesabu miaka sita kama mambo yatakwenda vizuri sana, na minane bila kushangaa: takriban miwili ya masomo, mwaka mmoja wa mitihani mikuu na pendekezo la utafiti, kisha tasnifu, ambayo ndiyo huwachelewesha wengi. Nafasi nzuri ya PhD huja na msamaha wa ada pamoja na posho, na kwa kawaida sehemu ya posho hiyo hulipwa kwa kazi ya ualimu msaidizi. Nafasi isiyo na ufadhili, kwa mtu mwenye familia, siishauri hata kidogo, iwe ya chuo chochote.

Kuhusu kazi, nafasi za kudumu zilishuka vibaya baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 na hazijarudi zilipokuwa. Sehemu kubwa ya kufundisha katika vyuo vya Marekani hufanywa na walimu wa mkataba wanaolipwa kwa kozi, mara nyingi bila bima ya afya, wengine wakisafiri kati ya vyuo viwili au vitatu ili kukamilisha kipato. Hilo ni jambo la kusikitisha na lisilo la haki, nami sioni sababu ya kukuficha. Chama cha wanahistoria wa Marekani, American Historical Association, kimekusanya takwimu ziitwazo Where Historians Work, zinazoonyesha wahitimu wa kila idara wameishia katika kazi gani. Zitazame takwimu za idara unayoifikiria kabla ya kutuma maombi, na uangalie hasa wangapi wanafundisha katika vyuo vya aina unayoitaka wewe, si katika vyuo vikuu vya utafiti pekee.

Ukiona kwamba wapo, na ukipata ufadhili kamili, umri wako hautakuwa kikwazo darasani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza humsikiliza kwa makini mtu aliyewahi kufanya kazi nje ya chuo. Kubaliana na familia yako tangu mwanzo ni mwaka upi mtakaa na kutathmini kama uendelee, na chagueni mwaka wa tatu, baada ya mitihani mikuu, kwa sababu wakati huo utakuwa umefundisha mihula kadhaa, utakuwa umelijua wazo la tasnifu yako, na uzamili unaotolewa njiani utakuwa umeshaupata, nao unatosha kuombea nafasi katika chuo cha jamii.